Ufadhili wa masomo wa ROTC

Ufadhili wa masomo wa ROTC ni msaada wa fedha unaotolewa na majeshi ya Marekani kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaokubali kupata mafunzo ya uafisa wakati wa masomo yao na kulitumikia jeshi baada ya kuhitimu. ROTC ni kifupi cha jina la Kiingereza la programu hiyo, linalomaanisha "Kikosi cha Mafunzo ya Maafisa wa Akiba". Licha ya neno "akiba" katika jina lake, wahitimu wengi waliopata ufadhili huingia katika jeshi la kudumu.

Ufadhili huu hushindaniwa. Wanafunzi wengi huomba wakiwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na huchaguliwa kwa alama za shule, uongozi, nguvu za mwili, afya na usaili. Hautolewi kwa kuangalia umaskini wa familia: mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini hushindana katika orodha moja. Pia si zawadi. Anayeupokea hutia saini mkataba, na akiuvunja anaweza kudaiwa fedha zote zilizotumika kumsomesha.

## Historia

Mafunzo ya kijeshi katika vyuo vya kiraia vya Marekani yalianza kabla ya ROTC yenyewe. Mwaka 1819 Alden Partridge, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha kijeshi cha West Point, alianzisha shule katika jimbo la Vermont ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Norwich. Aliamini kwamba raia wa kawaida wanapaswa kufundishwa ulinzi wa nchi pamoja na masomo mengine. Mwaka 1862, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill iliyoyapatia majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi. Sheria hiyo ilitaka vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kijeshi.

ROTC ilianzishwa rasmi na Sheria ya Ulinzi wa Taifa iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson tarehe 3 Juni 1916. Tawi la Jeshi la Wanamaji lilianza mwaka 1926, na lile la Jeshi la Anga lilipata muundo wake wa kudumu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa miaka mingi vyuo vingi vya umma viliwalazimisha wanafunzi wa kiume kuhudhuria mafunzo hayo kwa miaka miwili ya kwanza.

Ufadhili wa masomo ulikuja baadaye. Jeshi la Wanamaji lilikuwa la kwanza, kwa mpango wa mwaka 1946 uliopewa jina la Holloway, afisa aliyeongoza kamati iliyoupendekeza. Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Anga yalipata ruhusa kwa sheria ya mwaka 1964 iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson. Kufikia wakati huo vyuo vingi vilikuwa vimeanza kuondoa ulazima wa mafunzo, na jeshi lilihitaji njia nyingine ya kuwavuta vijana.

Vita ya Vietnam ilileta upinzani mkali. Majengo ya ROTC yalishambuliwa katika vyuo kadhaa. Katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, jengo la ROTC lilichomwa moto tarehe 2 Mei 1970. Siku mbili baadaye askari wa Walinzi wa Taifa waliwaua wanafunzi wanne chuoni hapo. Vyuo maarufu kama Harvard, Yale na Columbia viliacha kuwa na vikosi vya ROTC. Mwaka 1973 Marekani ilisimamisha uandikishaji wa lazima jeshini. Tangu hapo jeshi limewategemea watu wanaojitolea, na ufadhili wa masomo ukawa chombo muhimu cha kuwapata maafisa.

Wanawake walianza kupokelewa katika ROTC ya Jeshi la Anga mwaka 1969, na katika matawi mengine mwaka 1972.

## Matawi na aina za ufadhili

Kuna programu tatu, na kila moja ina fomu, vigezo na bodi yake. Mwanafunzi anaweza kuomba zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

### Jeshi la Nchi Kavu

Hii ndiyo programu kubwa kuliko zote na ndiyo chanzo kikuu cha maafisa wapya wa Jeshi la Nchi Kavu. Makao makuu yake yapo Fort Knox, Kentucky. Ufadhili hutolewa kwa miaka minne au mitatu. Anayepewa wa miaka mitatu hujilipia mwaka wa kwanza, kisha jeshi huanza kulipa mwaka wa pili. Mpokeaji huchagua kulipiwa ama ada ya masomo ama malazi na chakula hadi kiwango kilichowekwa. Katika miaka ya karibuni amepata pia dola 1,200 kwa mwaka za vitabu na posho ya dola 420 kwa kila mwezi wa masomo.

### Jeshi la Wanamaji na Kikosi cha Marine

Programu hii ina njia kuu tatu: maafisa wa meli, nyambizi na ndege za Jeshi la Wanamaji; maafisa wa Kikosi cha Marine; na wauguzi. Jeshi la Wanamaji hupendelea sana wanaotaka kusomea uhandisi, hisabati na sayansi, na hugawa masomo katika madaraja kulingana na mahitaji yake. Hata anayesomea historia au lugha katika njia hiyo hulazimika kufaulu kalkulasi na fizikia. Masharti hayo hayawahusu wanaokwenda Marine. Ufadhili hulipa ada, sehemu ya gharama za vitabu, na posho inayoongezeka kila mwaka wa masomo.

### Jeshi la Anga

Programu hii huwatoa maafisa wa Jeshi la Anga na wa Jeshi la Anga za Juu lililoundwa mwaka 2019. Ufadhili wake umekuwa wa aina tatu zinazotajwa kwa namba. Aina ya 1 hulipa ada yote katika chuo chochote chenye programu, na hutolewa kwa wachache. Aina ya 2 hulipa hadi dola 18,000 za ada kwa mwaka. Aina ya 7, inayotolewa kwa wengi zaidi, hulipa ada ya chuo cha umma kwa kiwango wanachotozwa wakazi wa jimbo husika.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu vyuo vingi vya binafsi nchini Marekani hutoza ada inayozidi dola 50,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyepata aina ya 2 akaenda chuo cha namna hiyo bado atakuwa na deni kubwa la kulipa. Gharama za malazi na chakula hazimo katika ufadhili wa Jeshi la Wanamaji, ingawa baadhi ya vyuo huwapa washindi malazi bila malipo ili kuwavutia.

Walinzi wa Pwani wa Marekani hawana programu ya ROTC.

## Sifa za mwombaji

Sharti la kwanza ni uraia wa Marekani. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaweza kuandikishwa kama askari wa kawaida, lakini hawezi kupata ufadhili huu wala kutunukiwa kamisheni kabla ya kuwa raia. Jambo hili huzigusa familia zilizohamia Marekani, zikiwemo zile zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto mwenye ukazi wa kudumu aliye chini ya miaka 18, anayeishi na kulelewa na mzazi wake nchini humo, huwa raia moja kwa moja pindi mzazi huyo anapopata uraia. Hata hivyo mwombaji hutakiwa kuthibitisha uraia wake kwa hati kama vile pasipoti.

Masharti mengine ya kawaida ni haya:

* kuwa na umri wa angalau miaka 17 wakati wa kuanza, na kutovuka kikomo cha umri siku ya kupewa kamisheni;
* kumaliza sekondari au kuwa na cheti kinacholingana;
* kufikia kiwango cha chini cha wastani wa alama na cha mtihani wa SAT au ACT;
* kuwa na uzito unaolingana na urefu;
* kutokuwa na rekodi ya makosa ya jinai au matumizi ya dawa za kulevya inayomzuia;
* kukubaliwa na chuo kikuu chenye programu ya tawi husika au chenye ushirikiano na chuo kama hicho.

Katika miaka ya karibuni Jeshi la Nchi Kavu limetaka wastani wa angalau 2.5 kwa kipimo cha 4.0, pamoja na alama 1000 za SAT au 19 za ACT. Jeshi la Anga limetaka wastani wa 3.0 na alama za mtihani za juu zaidi. Viwango hivi ni vya kumruhusu mtu kuingia katika mashindano tu. Wanaoshinda kwa kawaida huwa juu yake.

## Mchakato wa maombi

Maombi hufunguliwa katika majira ya kuchipua au ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na hufungwa katika majira ya baridi. Kila jeshi huwa na bodi kadhaa za uteuzi katika kipindi hicho. Asiyechaguliwa na bodi ya kwanza huweza kufikiriwa tena na inayofuata. Kwa sababu hiyo anayekamilisha faili lake mapema hupata nafasi zaidi ya moja, na akirudia mtihani akapata alama bora anaweza kuziongeza kabla ya bodi ya mwisho. Aliyengoja hadi wiki ya mwisho huangaliwa mara moja tu.

### Faili la mwombaji

Faili huwa na matokeo ya shule, alama za mitihani, barua za walimu, insha, na orodha ya shughuli za nje ya darasa. Majeshi hutumia kanuni wanayoiita ya "mtu mzima", yaani kumpima mwombaji kwa pande zote: akili, uongozi na mwili. Unahodha wa timu, uongozi wa serikali ya wanafunzi, cheo katika skauti na kazi ya kulipwa huhesabiwa. Kazi ya kulipwa hutajwa kwa sababu wapo wanafunzi ambao hawakuweza kushiriki michezo kwa kuwa walikuwa wakifanya kazi baada ya masomo ili kuisaidia familia.

Mwombaji pia huorodhesha vyuo anavyovitaka. Ufadhili hufungamanishwa na chuo, na kuuhamisha hutegemea kibali na nafasi iliyopo. Kushinda ufadhili si kukubaliwa chuoni: maombi ya chuo hufanywa pembeni, na mtu anaweza kupata kimoja akakosa kingine. Ndiyo maana waombaji hushauriwa kuweka katika orodha vyuo vya viwango mbalimbali, pamoja na chuo cha umma cha jimbo lao.

### Jaribio la mwili

Kila tawi lina jaribio lake. Mwombaji wa Jeshi la Nchi Kavu hupiga pushapu kwa dakika moja, huinua kiwiliwili akiwa chali kwa dakika moja, na hukimbia maili moja. Jeshi la Anga hutaka mbio za maili moja na nusu. Marine hujulikana kwa jaribio gumu zaidi, ambalo linajumuisha kujivuta kwenye chuma na mbio za maili tatu. Matokeo husimamiwa na mtu anayeruhusiwa, kama mwalimu wa michezo au afisa.

### Usaili

Mwombaji husailiwa na afisa, mara nyingi katika kikosi cha ROTC cha chuo kilicho karibu naye. Maswali ya kawaida huhusu sababu za kutaka uafisa, mifano ya uongozi, namna alivyokabili kushindwa, na uelewa wake wa wajibu wa kijeshi. Msaili hutoa alama na maoni yanayoingia katika faili. Mwombaji anayetaja ada peke yake kama sababu huacha swali kubwa bila jibu, kwa kuwa jeshi hutafuta mtu atakayewaongoza askari kwa miaka kadhaa.

## Uchunguzi wa afya

Anayechaguliwa hupewa ufadhili kwa masharti mpaka afya yake ithibitishwe. Kazi hiyo hufanywa na bodi ya Wizara ya Ulinzi inayojulikana kwa kifupi DoDMERB, ambayo hupanga uchunguzi kwa madaktari walio karibu na mwombaji na kulinganisha matokeo na viwango vya jeshi.

Wengi huanguka hapa. Pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13, upasuaji wa viungo, mzio mkali wa chakula na historia ya baadhi ya matatizo ya akili ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mtu atangazwe kuwa hafai. Uamuzi huo si wa mwisho. Programu husika inaweza kumwombea ruhusa maalumu, hasa kama tatizo limekwisha au ni dogo. Shughuli hii huweza kuchukua miezi, huku vyuo vikidai jibu la mwanafunzi kabla ya tarehe 1 Mei, hivyo familia hulazimika kuwa na mpango wa pili wa malipo. Kuficha ugonjwa katika fomu ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu baadaye.

## Maisha ya afisa mwanafunzi

Mpokeaji huishi na kusoma kama wanafunzi wengine, akisomea shahada ya kawaida. Juu ya hayo huwa na mazoezi ya alfajiri siku kadhaa kwa wiki, somo la kijeshi, na kipindi cha vitendo ambacho huvaa sare. Wakati wa likizo za kiangazi kuna kambi. Maafisa wanafunzi wa Jeshi la Nchi Kavu hupimwa kwa wiki kadhaa Fort Knox kati ya mwaka wa tatu na wa nne.

Ufadhili huendelea iwapo alama, afya na mwenendo vinabaki katika kiwango. Mwanafunzi anayeshuka huwekwa kwanza chini ya uangalizi, na asipojirekebisha huweza kuondolewa.

Asiyeshinda mashindano ya kitaifa bado anaweza kujiunga na ROTC chuoni bila ufadhili. Kwa miaka miwili ya kwanza huwa hana mkataba. Wakati huo makamanda humwona kila siku, na kuna ufadhili wa miaka miwili au mitatu unaogawiwa kwa walioko tayari vikosini. Maafisa wengi wamepata ufadhili kwa njia hiyo baada ya kukataliwa walipokuwa sekondari.

## Wajibu wa kutumikia

Mkataba wa kawaida una wajibu wa miaka 8 kwa jumla, unaogawanywa kati ya jeshi la kudumu na akiba. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Marine, wenye ufadhili hutumikia kwa kawaida miaka 4 katika jeshi la kudumu. Kwa Jeshi la Wanamaji ni miaka 5. Katika Jeshi la Nchi Kavu wapo wanaotimiza wajibu wao katika Walinzi wa Taifa au akiba huku wakifanya kazi za kiraia. Marubani hudaiwa zaidi: katika Jeshi la Anga ni miaka 10 baada ya kumaliza mafunzo ya urubani.

Mwenye ufadhili wa miaka minne anaweza kujitoa bila deni kabla ya kuanza mwaka wa pili. Baada ya hapo, anayejitoa au kufukuzwa kwa kosa lake anaweza kutakiwa kurudisha fedha zilizolipwa, au kuitwa kutumikia kama askari wa kawaida. Katika chuo ghali deni hilo linaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola kwa kijana asiye na shahada. Mwaka wa kwanza kwa hiyo ni kipindi cha uamuzi kwa pande zote mbili.

## Tofauti na vyuo vya kijeshi

ROTC hutofautishwa na vyuo vya kijeshi vya serikali kama West Point na Annapolis. Katika vyuo hivyo mwanafunzi huishi kijeshi muda wote, hulipiwa kila kitu, na kwa kawaida huhitaji kuteuliwa na mbunge au seneta wa jimbo lake. ROTC haihitaji uteuzi wa mwanasiasa.

Kwa wasio Wamarekani tofauti ni kubwa zaidi. Sheria huruhusu kila kimoja cha vyuo vikuu vitatu vya kijeshi, yaani cha nchi kavu, cha wanamaji na cha anga, kuwa na wanafunzi hadi 60 kutoka nchi za nje kwa wakati mmoja. Hao hupendekezwa na serikali zao na kurudi kuzitumikia. Ufadhili wa ROTC hauna nafasi za namna hiyo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko Marekani kwa viza ya masomo hawezi kuushindania.

Kati ya njia hizo mbili kuna vyuo sita vinavyoitwa vyuo vikuu vya kijeshi vya ngazi ya juu, ambavyo si mali ya jeshi lakini vina vikosi vikubwa vya ROTC: Norwich, Texas A&M, The Citadel, Virginia Tech, Chuo cha Kijeshi cha Virginia, na Chuo Kikuu cha North Georgia.

## Mjadala

Wanaoiunga mkono programu husema kwamba maafisa waliosoma pamoja na raia huzuia jeshi kujitenga na jamii. Husema pia kwamba imewafungulia milango vijana wasio na uwezo. Vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, kama Howard, Hampton na South Carolina State, vimetoa maafisa wengi kupitia ROTC.

Wakosoaji hujibu kwamba kupanda kwa ada kunawasukuma baadhi ya vijana kutia saini kwa sababu ya fedha, wakiwa na miaka 18 na bila kujua vita vitakavyokuja. Wengine walipinga ubaguzi dhidi ya mashoga jeshini, na kwa sababu hiyo vyuo kadhaa viliendelea kuikataa ROTC hata baada ya hasira za Vietnam kupoa. Sheria ya mwaka 1996 ilivitishia vyuo vya aina hiyo kunyimwa fedha za serikali kuu. Mwaka 2011, katazo la mashoga lilipoondolewa, Harvard, Yale na Columbia vilikubali kuirudisha.

## Wahitimu mashuhuri wa ROTC

Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alijiunga na ROTC katika City College ya New York na kupata kamisheni mwaka 1958, kabla ya Jeshi la Nchi Kavu kuanza kutoa ufadhili. Mwaka 1989 alikuwa mhitimu wa kwanza wa ROTC kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, na baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Wengine walioshika uenyekiti huo baada ya kupitia ROTC ni pamoja na Mark Milley, aliyesoma Princeton, na Charles Q. Brown, aliyesoma Texas Tech.